Tulinunua buggy used, tukaichomelea kitanda cha wagonjwa: yaliyompata fundi Byamungu kule Loima

Wakuu, salamu kutoka Lodwar. Huku jua halijabadilisha tabia na mimi bado napumua, basi tuseme tuko salama.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu. Nikiandika huwa ni kumjibu mtu anayeuliza kama gearbox ya Probox inaweza kuingia kwenye gari lingine, au kugombana na wale mabingwa wa 4x4 ambao gari lao halijawahi kutoka kwenye lami. Leo sina nguvu ya ugomvi. Naandika jambo lililonipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na chumvi sitaongeza. Nilichobadilisha ni majina tu.

Ni uzi wa buggy. Lakini pia ni uzi wa mtu aliyekuwa anasubiri ndege ya kumtoa Kakuma yeye na familia yake, na hiyo buggy ikamharibia. Nimesema mapema ili anayetafuta kichekesho aende kwenye uzi mwingine.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Kitale. Nilikuja Turkana kuuza spea nikijiambia nitakaa kidogo nirudi. Sasa wanangu wanasalimia watu "ejok" barabarani na lugha ya bibi yao hawaijui. Nina duka Lodwar na gereji ndogo nyuma yake.

Byamungu ni fundi wa kuchomelea. Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, amekaa Kakuma miaka mingi na watoto wake wote wamezaliwa pale. Gereji yake iko sokoni ndani ya camp. Ni mtu wa maneno mengi, anajisifu bila aibu, na kinachoudhi ni kwamba mara nyingi ana haki ya kujisifu. Mimi namwita fundi. Yeye ananiita "grand", ndivyo Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa, ingawa nadhani amenizidi umri.

Kwa wasiojua mambo ya huku: mkimbizi wa Kakuma hatoki tu asubuhi akaja Lodwar kununua grinder. Lazima awe na karatasi ya ruhusa, movement pass. Akishikwa nje bila hiyo ni kesi mahakamani. Kwa hiyo katika kazi zetu zote mimi ndiye nilikuwa namwendea. Nabebesha lori axle, nampelekea, nangoja, narudi nayo. Ndivyo tulivyozoea kufanya kazi, na mtaona mbele kwa nini nimeanza na hilo.

Sasa buggy.

Kuna jamaa alikuwa anakodishia watalii buggy huko upande wa ziwa. Biashara ikamlalia, akaanza kuuza. Akanitumia picha ya moja: kigari cha wazi cha viti viwili, engine nyuma, roll cage ya mabomba juu, rangi nyekundu inang'aa kama kucha za bibi harusi.

Wazo halikuwa la starehe. Nilikuwa nimemwona mama mmoja analetwa kutoka upande wa Lokiriama, kule milimani Loima, uchungu wa kuzaa umemshika, amebanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na dada yake. Land Cruiser ziko, lakini ziko kwa wenyewe, na kuna sehemu Loima hata Land Cruiser inafikiria mara mbili. Nikasema, buggy ni nyepesi, inapita. Tukiichomelea kitanda nyuma, tutabeba wagonjwa mpaka barabarani, na siku ambazo hakuna mgonjwa tutabeba mizigo ya maduka. Mimi si mtakatifu, ni mfanyabiashara. Lakini yule mama alikuwa hanitoki kichwani, hilo ni kweli kabisa.

Tuje kwenye kuijaribu, kwa sababu najua mtauliza.

Nilikwenda mwenyewe. Niliiwasha ikiwa baridi, moshi safi. Nikaiacha ikinguruma mpaka ipate moto, nikaizima, nikaiwasha tena. Nikaiendesha kwenye mchanga, nikafunga breki ghafla, nikazungusha usukani mpaka mwisho pande zote. Belti haikunuka. Bushi za mbele zilikuwa zimekwisha, hiyo ni kawaida. Nikapita nikigonga bomba za chesi kwa spana, nasikiliza kama kuna mlio wa bati bovu. Zote zililia sawa.

Kitu kimoja kilinikuna. Rangi ilikuwa mpya mno. Nani anapaka rangi mpya kitu ambacho anakiuza? Nilijiuliza, halafu nikajijibu mwenyewe kwamba labda muuzaji ni mtu msafi.

Wakuu, kama unanunua chochote cha bomba kilichoishi ufukoni mwa ziwa letu, shika hili. Maji yale yana magadi. Hayali chuma kutoka nje ambako utaona. Yanaingia kwenye bomba kupitia kitundu cha bolti, yanakaa humo, na bomba linaliwa kutoka ndani huku nje linakuchekea. Ukiligonga linalia vizuri hadi siku linapokatika. Toboa tundu dogo chini ya bomba, ingiza waya, angalia unatoka na nini. Sisi hatukutoboa.

Nikaipakia kwenye lori mpaka Kakuma.

Byamungu alipoiona aliizunguka mara mbili tatu. Halafu akasema engine ni nzuri ila aliyetengeneza sehemu ya nyuma alikuwa na haraka ya kwenda kula. Akaanza kazi.

Alirefusha chesi nyuma akaweka kitanda cha bomba. Air filter akaipandisha juu kwa sababu vumbi la huku ni unga. Akabadilisha shock za nyuma, akaweka ngumu zaidi ili zibebe uzito wa mtu aliyelala na anayemshika. Kupata urefu wa kitanda alilala chini mwenyewe kwenye mchanga, mkewe akachora alama kichwani na miguuni kwa kipande cha chaki. Mkewe tunamwita Mama Neema. Alichora huku anamuuliza kama anajipimia jeneza. Byamungu alicheka sana. Mimi sikuupenda ule utani, lakini nami nilicheka.

Tuliijaribu palepale, kwenye laga ya Tarach, ule mto wa msimu, ikiwa kavu. Tukapakia magunia ya mchanga kitandani, tukapanda kingo, tukashuka, tukakata kona. Ilikwenda kama imezaliwa pale. Nusu ya camp ilikuja kuangalia. Byamungu aliendesha amesimama, anapungia watu mkono, utadhani anagombea ubunge.

Hapo ndipo penye kosa la kiufundi, na nitalisema wazi kwa sababu humu kuna mafundi. Tarach ni mchanga. Loima ni mawe. Buggy tuliijaribu mahali fundi alipoweza kufika kisheria, si mahali itakapofanya kazi. Mchanga unasamehe. Shock ngumu kwenye mchanga huzisikii, lakini kwenye mawe kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye mshiko wake wa chesi. Na mshiko ule Byamungu aliuchomelea vizuri sana kwenye bomba ambalo ndani lilikuwa limebaki ganda.

Sasa niwaeleze habari ya ndege, maana ndiyo iliyotukimbiza.

Byamungu na familia walikuwa kwenye mchakato wa kuhamishiwa nchi ya mbali. Mwaka baada ya mwaka: mahojiano, kungoja, mahojiano tena, kungoja. Kipindi kile walikuwa wamemaliza kila kitu. Vipimo vya hospitali wamepita. Mafunzo ya namna ya kuishi kule wamemaliza. Kilichobaki ni tarehe tu, ambayo huja kwa SMS.

Kakuma familia ikifika hatua hiyo ina desturi yake. Wanaanza kugawa. Godoro kwa huyu, sufuria kwa yule, kuku kwa jirani wa nyuma, viti kwa kanisa. Huwezi kupanda ndege na sufuria, na ukiuza vyote watu wanakuona bahili. Mama Neema alikuwa amegawa karibu nyumba nzima. Neema, binti yao mkubwa, aligawa hadi vitabu vyake. Kanisani walishaombewa maombi ya safari, pasta amewawekea mikono kichwani, watu wamelia.

Mnaelewa? Walikuwa wameshaondoka, miili tu ndiyo ilikuwa bado pale.

Mimi nikachukua buggy nikaenda nayo Loima. Siku za kwanza nzuri. Nilibeba unga na sukari mpaka madukani Namoruputh, nikaijaribu kwenye njia za kuelekea Lokiriama. Halafu ikaanza kugonga. Nyuma kushoto. Ukipanda jiwe, ko. Ukishuka, ko-ko. Nilifungua tairi, nikakaza kila bolti, nikabadilisha bushi. Ko.

Kwa kuwa fundi hawezi kuja, tukafanya kazi kwa voice note. Naendesha huku nimeinamisha simu karibu na tairi, narekodi, natafuta mahali penye network, natuma. Yeye anasikiliza gerejini, ananijibu. Siku moja anasema ni bushi. Siku nyingine anasema ni bearing. Mwishoni alikasirika kabisa, akasema simu inakula sauti, na kwamba gari haliwezi kutibiwa kama mgonjwa anayepiga simu redioni.

Akasema atakuja mwenyewe.

Nilikataa. Nikamwambia aombe pass. Akaniuliza ataandika sababu gani, kwamba anakwenda kusikiliza kelele? Na tena, mtu ambaye faili lake liko mezani linangoja tarehe hataki kwenda kugonga mlango wa ofisi yoyote, wasije wakalifungua upya. Nikamwambia basi aiache, nitaitafutia fundi mwingine Lodwar. Hapo nilimgusa pabaya.

"Grand, siwezi kupanda ndege nikiacha kazi yangu inalia," alisema. "Batu batasema Byamungu alikimbia."

Nikakataa tena. Halafu nikakubali. Kwa nini? Kwa sababu kelele ile ilikuwa inaninyima usingizi, na kwa sababu ni kweli hakuna aliyeijua ile buggy kama yeye. Sina maelezo mazuri kuliko hayo.

Alimdanganya mkewe kwamba anakwenda Kalobeyei, makazi ya wakimbizi ya jirani, kutengeneza mashine ya kusaga. Nilimchukua asubuhi kwa ile buggy, nje kidogo ya camp, tukaacha lami na polisi wake, tukakata kusini kwa njia za mifugo. Alikuwa na furaha ya mtoto wa shule aliyetoroka. Miaka yote Kenya na hakuwahi kuona zaidi ya ile barabara na camp. Kila mlima aliuliza jina. Mimi sikuyajua, nikawa namtungia, na akajua namtungia.

Tulipoingia kwenye mawe, si mbali sana na Namoruputh, ko ikaanza.

Byamungu akasema niendeshe polepole, yeye atalala nyuma. Wakuu, mafundi wa huku wote tunafanya hivi. Gari linagonga na hujui wapi, mmoja anaendesha, mwingine analala juu ya bodi kichwa kikining'inia nje, anasikiliza. Nimefanya mara nyingi. Wewe unayesoma, kama ni fundi, umefanya. Basi akalala kwenye kile kitanda kifudifudi, kichwa upande wa tairi, mguu mmoja ameufungia kwenye bomba la pembeni asianguke.

Tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Naapa.

Nilimsikia akisema, "Simama, nimeipata." Kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyeridhika.

Nikakanyaga breki, tairi la mbele likashuka kwenye shimo, uzito wote ukaenda upande wa kushoto. Bomba likakatika. Tairi la nyuma likakunjika likaingia chini, na buggy ikalala ubavu taratibu, kama ngamia anayepiga magoti. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Yeye mguu ulikuwa umebaki kati ya bomba la kitanda na jiwe.

Sitaeleza sana. Mfupa wa paja ulitoka nje. Damu ilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri mtu anayo.

Nilijaribu kuinua peke yangu, haikuinuka. Nikapiga kelele. Wachungaji walitokea, sijui walitoka wapi, maana pale hakuna chochote. Wanaume watatu na mwanamke mmoja. Hawakuuliza sisi ni kina nani. Waliinua, mimi nikamvuta. Yule mama alifungua shuka yake begani akakaza paja juu ya jeraha, akapitisha kijiti akakisokota mpaka damu ikapungua. Mwanaume mmoja alitoa fimbo zake mbili za kuchungia tukafungia mguu. Byamungu alikuwa analia, na yule mwanaume akamwambia, "Wewe wacha kulia. Mguu iko." Halafu akanitazama mimi, na macho yake hayakusema hivyo.

Tukasimamisha buggy. Tukakata gogo la mti wa miiba, tukalibana mahali pa mshiko uliovunjika, tukalifunga kwa kamba na mpira wa tairi. Tukamlaza Byamungu kwenye kitanda chake. Mgonjwa wa kwanza wa ile buggy alikuwa ni yeye. Yule mama akapanda akamshika kichwa. Sikumwomba, na tulipofika alishuka akarudi kwa miguu, na mpaka leo sijui hata jina lake.

Namoruputh kuna zahanati. Sista aliyekuwa zamu alifanya yote aliyoweza. Drip, sindano ya maumivu, akafunga upya. Akaniita pembeni.

"Hapa mimi sina damu," akasema. "Huyu anataka damu na theatre. Lodwar. Usisimame njiani."

Kulikuwa na pickup ya mfanyabiashara wa mbuzi. Dereva akateremsha mbuzi wake wote bila kujadiliana, tukatandika magunia, tukampandisha Byamungu. Dereva akaniuliza, tunakwenda wapi?

Na hapo Byamungu akanishika shati.

"Grand, usinipeleke Lodwar. Minakuomba. Unirudishe ku camp."

Nikamwambia Kakuma ni mbali, njia ni ile mbaya tuliyopita.

"Polisi bakiniona huku, dossier yetu inakufa. Yangu, ya bibi, ya batoto. Unirudishe. Kama ni kufa, nitafia kwangu."

Alikuwa na akili timamu. Nataka hilo mlielewe, kwa sababu wengine wamenifariji kwamba maumivu yalikuwa yanamsemesha. Hapana. Alikuwa ananitazama usoni na alijua anachokisema. Camp kuna hospitali pia. Angefika angesema ameangukiwa na mashine Kalobeyei, nani angejua? Yeye alishaipanga yote. Ila asingefika. Sista alishaniambia kwa macho kwamba asingefika.

Dereva akauliza tena.

Nikasema Lodwar.

Byamungu aliachia shati langu. Nilikaa naye nyuma, nimemshika bega, nimeshikilia chupa ya drip juu. Nilimwomba msamaha njia nzima. Alisema neno moja tu.

"Umeniuza."

Hospitalini walimpokea vizuri na sina lawama kwao hata kidogo. Walimwongezea damu, wakamwingiza theatre, mguu ukawekwa vyuma vya nje. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungeleta maiti. Lakini ajali ni ya kuripotiwa, na jina lake ni jina lake, na kitambulisho chake kinasema ni mkimbizi wa Kakuma. Askari alikuja, kijana mpole tu, akauliza pass iko wapi. Nilitaka kudanganya kwamba ni shemeji yangu. Byamungu akamjibu mwenyewe kwamba hana.

Mama Neema ilibidi naye aombe pass ili aje kumwona mumewe. Alifika na Biblia na chupa ya uji. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni wodini. Alinisalimia kwa heshima, akaingia, na sikumsikia akipaza sauti.

SMS ya ndege iliingia Byamungu akiwa bado kitandani na vyuma mguuni.

Hawezi kusafiri vile. Mtu mwenye kidonda wazi hapandi ndege ya safari ndefu, na faili ni moja la familia nzima. Mmoja akisimama, wote wanasimama. Wakaambiwa wangoje apone, watapangiwa tarehe nyingine. Ile kesi ya kutoka bila ruhusa, hakimu alimwona anavyoingia na magongo, akampa onyo akarudishwa Kakuma. Kesi niliyoiogopa zaidi ikawa ndiyo nyepesi.

Alirudi kwenye nyumba tupu. Hamna godoro. Hamna sufuria. Baadhi ya majirani walirudisha vitu kimyakimya, wanaviacha mlangoni asubuhi kabla watu hawajaamka. Wengine wangerudisha nini? Kuku walishaliwa. Na huwezi kumfuata mtu ukamwambia naomba kile nilichokupa kwa mikono miwili nikicheka. Neema alirudi shuleni akawa anaazima vitabu vyake mwenyewe.

Wakangoja mguu.

Mguu ulipokuwa karibu kupona, nchi waliyokuwa waende ikafunga mlango. Siyo kwa Byamungu tu, kwa wote. Waliokuwa na tarehe zikafutwa, waliokuwa wamegawa vitu wakabaki vilevile. Familia zilizokuwa kwenye orodha moja na wao siku ile ya SMS zilikuwa zimeshafika, watoto wanasoma kule. Hizi zilizobaki haziambiwi kitu. Mpaka leo naandika hawajaambiwa kitu.

Huwa naenda Kakuma. Buggy niliikatakata, chuma chakavu. Nilipopasua lile bomba kwa grinder, ndani lilimwagika unga mwekundu. Nilikaa chini pale gerejini nikalia kama mtoto, wafanyakazi wangu wakatoka nje wakaniacha.

Byamungu amerudi kwenye kuchomelea. Anafanya kazi amekaa, mguu mmoja umekuwa mfupi. Hajisifu tena. Namletea kazi na anaifanya, tunaongea habari za bushi na bearing kama watu wanaofahamiana kidogo.

Mara ya mwisho nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia fundi, useme. Nitukane, unipige, lakini useme.

Alizima mashine. Akavua miwani ya kuchomelea akaipangusa muda mrefu.

"Grand, daktari alisema ningekufa ku njia. Minajua. Nilijua hata ile saa." Akatazama nyumba yake ng'ambo ya soko. "Ningekufa, bibi na batoto bangelia, bangenizika. Halafu bangeenda. Leo bangekuwa kule."

Nikamwambia huwezi kujua hayo.

"Mimi ni baba yabo," akasema. "Ile ilikuwa yangu ya kuchagua. Wewe ukanichagulia."

Akavaa miwani akaendelea na kazi.

Nilipokuwa naondoka Mama Neema alinifuata hadi kwenye gari. Nilidhani ananiletea laana iliyobaki. Aliniuliza kama naweza kumtafutia Neema vitabu vya form three huko Lodwar, kisha akasimama tu, ameshika mlango. Nikamuuliza kama naye anaona nilikosea.

"Usiniulize mimi," akasema. "Nikijibu ndiyo, nimemuua mume wangu. Nikijibu hapana, nimebasaliti batoto."

Hiyo ndiyo hali yetu, wakuu.

Mafunzo ya kiufundi mmeyapata: toboa bomba, ogopa rangi mpya, jaribu mashine mahali itakapofanya kazi na si mahali panapokufaa wewe. Na usimlaze mtu nyuma ya gari asikilize kelele. Hata kwa mwendo wa miguu.

Lile lingine sijui kama ni funzo. Nimeligeuza kichwani kila upande. Nikirudishwa pale Namoruputh leo, chupa ya drip mkononi, dereva ananiuliza tunakwenda wapi, nitasema Lodwar tena. Najua nitasema. Na kila nikifika Kakuma yule mtu anaona usoni mwangu kwamba nitasema.

Andikeni mnachofikiri, hata matusi nitasoma. Ila kabla hujaandika, funga macho kidogo ujiweke kwenye ile pickup, mtu ameshika shati lako na anakuomba. Halafu mjibu dereva.